Magome ya Mzinga Chini ya Sakafu ya Mkunga

Wiki mbili zilizopita nilirudisha ufunguo wa karakana, na tangu siku hiyo naamka alfajiri bila sababu. Mke wangu analalamika kwamba nazunguka chumbani nikikanyaga kwa kisigino, nasikiliza sakafu. Nimemweleza kwamba ni mazoea ya miaka mingi. Amenijibu kwamba sakafu yetu ni ya udongo.

Kwa hiyo nimeona heri nikae chini niandike, mikono ipate kazi. Nawaandikia ninyi vijana mliobaki karakanani. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza mambo ya chini ya nyumba, kwa kuwa huko ndiko nilikotumia sehemu kubwa ya maisha yangu, nikitambaa kwa tumbo na kofia imejaa utando wa buibui.

Siku ya kwanza nilifika karakanani na nyundo mpya mkononi. Nilikuwa nimeusugua mpini wake kwa mafuta mpaka unang'aa. Fundi aliyenipokea aliitwa Fundi Salumu, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mfupi, ndevu chache, sauti ya chini. Aliitazama nyundo yangu, akaichukua, akaiweka juu ya kabati, akanipa kandili.

"Hii nitakurudishia mwezi ujao," alisema. "Leo unaingia chini ya nyumba. Ukitoka, uniambie umeona nini."

Nilitambaa chini ya nyumba ya karani mmoja mpaka mwisho, nikarudi. Nikamwambia nimeona nguzo, boriti na vumbi. Akanirudisha. Mara ya pili nikasema nimeona mavi ya panya. Akaniuliza, panya gani, mavi mabichi au makavu, upande gani wa nyumba? Nikarudi mara ya tatu. Siku ile nilimchukia Fundi Salumu kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na sababu, kwa sababu suruali ilikuwa moja.

Kwa wale waliokuja baada ya nyumba za saruji, niseme kidogo zilivyokuwa. Nyumba za idara yetu, walizokaa watumishi wa serikali, zilisimama juu ya nguzo fupi za mawe, urefu wa goti la mtu. Kila nguzo ilivikwa kofia ya bati ili mchwa wasipande. Juu ya nguzo kulilazwa boriti, na juu ya boriti mbao za mninga. Upepo ulipita chini bila kizuizi, jambo zuri sana mwezi wa kumi jua linapochoma, lakini mwezi wa sita upepo wa Tabora hupenya kwenye mbao ukakushika nyayo mpaka magoti. Kwa hiyo katikati ya boriti tulishindilia sufi, ile pamba ya msufi, kisha tukaifunika kwa chini kwa magunia na kuyabana kwa papi za mbao. Nyumba ikavikwa shuka, lakini kwa upande wa chini.

Shuka hiyo kila mnyama wa Unyamwezi aliipenda. Panya buku waliyatoboa magunia wakatengeneza vyumba. Nguchiro waliwafuata panya buku. Nyoka waliwafuata wote, lakini hao walikuwa na adabu, ukiwapigia kelele wanaondoka. Kazi yetu ilikuwa kutoa sufi iliyochafuliwa, kuweka mpya, kuziba matundu, na mwezi uliofuata kurudi kufanya hivyo hivyo. Mpishi mmoja wa Chemchem aliwahi kuniuliza kama sisi na panya buku tumeandikishwa kazi na bwana mmoja.

Jambo moja la Fundi Salumu sijalisahau. Chini ya nyumba ya mwalimu tulimkuta kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa na mkia wa pete, mwizi wa kuku. Alikuwa amezaa ndani ya sufi, watoto watatu, macho hayajafunguka. Mwalimu alitaka wauawe mara moja, kwa kuwa kuku wake walikuwa wamepungua. Fundi Salumu alimsikiliza vizuri, akamwitikia, kisha akaniambia nikusanye vifaa turudi karakanani, akisema misumari imetuishia. Sanduku la misumari lilikuwa limejaa, mimi ndiye niliyekuwa nimelibeba. Siku tano tulikuwa hatuna misumari. Tuliporudi, kanu alikuwa ameshahamisha watoto wake.

"Mzazi ukimharakisha hufanya vibaya," alisema, na akaanza kuchomoa papi kama kawaida.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Nyundo fupi, kwa sababu chini ya nyumba huna nafasi ya kuinua mkono. Msumeno wa meno madogo. Keekee ya kutobolea boriti. Patasi mbili. Kandili, na baadaye tochi, ambayo betri zake zilikwisha nguvu kila mara ulipokutana na kitu chenye macho. Misumari iliyopinda tuliinyoosha juu ya jiwe kila Jumamosi. Fundi Salumu aliponyoosha msumari, ulinyooka. Mimi nilinyoosha zaidi vidole.

Alipostaafu, nikabaki mimi na chini ya nyumba. Nilikuwa kijana bado, nimeoa karibuni, na niliamini nimeshajua kila kitu. Ndipo ilipokuja habari ya nyumba ya Mama Raheli.

Mama Raheli alikuwa mkunga. Nyumba yake ilikuwa pembeni ya mji, kwenye njia ile ya zamani ya misafara inayokwenda Kwihara, ya mwisho kabla ya vichaka. Chumba chake cha nyuma alikuwa amekigeuza mahali pa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba wakirudishwa nyumbani mwezi wa sita wanakufa kwa baridi, basi akawa anabaki nao. Aliwazungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa, na jiko la mkaa aliliweka juu ya matofali kwenye kona, dirisha akaliacha wazi kidogo ili moshi utoke.

Alikuja karakanani mwenyewe, khanga kiunoni, hasira usoni.

"Fundi Yohana," alisema, "napasha moto upepo. Mkaa wangu unakwisha, mtoto ana miguu ya baridi. Njoo uone chini kuna nini."

Chini hakukuwa na kitu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Panya buku walikuwa wamekula magunia yote na sufi imeanguka chini, imekuwa uchafu. Magunia mapya hayakuwapo. Ghalani waliniambia nisubiri. Juu ya kichwa changu, nikiwa nimelala chali na kandili, nilimsikia mtoto akilia. Haikuwa sauti ya mtoto ninayoijua. Ilikuwa nyembamba, inakatika, inaanza tena. Nilijisikia vibaya sana.

Hapo nikapata wazo langu la ajabu.

Shemeji yangu wa Igalula ni mrina asali. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na rundo la mizinga ya zamani, ya magome ya myombo, iliyopasuka na kutupwa. Gome la myombo ni gumu, jepesi, panya halimtamanishi. Nilikwenda nikayachukua, nikayafunga kwenye baiskeli mpaka baiskeli ikapotea machoni pa watu. Nyumbani niliyaloweka maji, nikayalaza chini, nikayakandamiza kwa mawe mpaka yakanyooka. Upande wa ndani, ule wenye weusi wa nta ya zamani, niliukwangua kwa patasi pale ulipoonekana, na uliobaki niliugeuza juu, uelekee sufi, usionekane. Kisha nikashindilia sufi mpya, maana hiyo ghalani ilikuwapo, nikayapigilia magome chini ya boriti za Mama Raheli, ubavu kwa ubavu, hata kijiti hakipiti. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijua hivyo.

Msimamizi wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Upesi, kwa sababu neno hilo ndilo alilolitumia kuliko mengine yote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na nyumba nyingi na siku fupi. Aliinama, akaangaza tochi, akagonga gome kwa fimbo yake.

"Nini hii?"

"Magome ya myombo, Bwana."

Sikumwambia kwamba yametoka kwenye mizinga. Kusema magome ya myombo kulisikika kama elimu. Kusema mizinga mibovu ya shemeji kungesikika kama takataka, na mimi nilitaka elimu. Bwana Upesi alisema vizuri sana mara mbili, akaandika kitabuni mwake kwamba nyumba nyingine nne zifanywe hivyo hivyo. Nilirudi nyumbani siku ile nikamsimulia mke wangu mpaka akasinzia.

Nyumba ya Mama Raheli ilikuwa na mlinzi, Mzee Kapela, mtu wa Sikonge, mrefu, aliyepinda kidogo mgongoni. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, na yeye mwenyewe alikuwa mrina asali kabla goti halijamkataza kupanda miti. Alipewa kibanda karibu na lango, na alipenda kazi ile. Kila mtoto njiti aliyetoka mle chumbani akiwa mzima, Mzee Kapela alimfungulia lango mama yake akisimama wima kabisa.

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Mama Raheli alinitumia salamu kwamba chumba kina joto na mkaa unatosha. Kisha asubuhi moja nikaitwa mbio.

Nilipofika niliona weupe kila mahali. Sufi ilikuwa imetanda juu ya majani, imenasa kwenye miiba, inapeperuka barabarani. Chini ya nyumba magome yangu yalikuwa yameng'olewa, mengine yamevunjwa, mengi hayapo. Papi zimekatika. Mama Raheli alikuwa amemhamisha mtoto jikoni, amemfunga kifuani mwake, anafanya kazi zote akiwa naye hivyo. Mama wa mtoto, binti kutoka vijiji vya Nzega, alikaa mlangoni, anamtazama mkunga kila anakokwenda.

Bwana Upesi alikuwepo, na karani wake. Walikuwa wamekuta ndani ya kibanda cha Mzee Kapela gunia limejaa sufi.

"Nimeiokota kwenye majani, Bwana," Mzee Kapela alikuwa anasema. "Ilikuwa inapeperuka. Nimeiokota ili irudi mahali pake."

"Na nani amevunja?" karani akauliza.

"Nyegere. Nimemsikia akikoroma chini ya nyumba. Nilipiga debe, hakujali. Nyegere hajali mtu. Nikasimama mlangoni pa mama na mtoto mpaka kukapambazuka, asije akapanda ngazi."

Karani aliwageukia watu waliokusanyika. "Nyegere anakula asali," alisema. "Sasa tuambieni, chini ya nyumba ya mkunga kuna asali gani? Au siku hizi nyegere anashona mito?"

Watu wakacheka. Ilikuwa inajulikana kwamba sufi ina wanunuzi Ng'ambo, washona magodoro. Bwana Upesi hakucheka, lakini alilitazama lile gunia, kisha akamtazama yule mzee, na nikaona ameshaamua.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilijua. Nilijua kabla karani hajamaliza kuuliza. Jiko la mkaa lilikuwa juu ya mbao zile kila siku, mbao zikapata joto, joto likashuka kwenye magome, na nta ya miaka yote ikalainika ikatoa harufu. Nilikuwa nimemtandikia nyegere meza. Kila mtoto wa Kinyamwezi anajua kwamba mzinga wa zamani haumalizi harufu yake, hata mimi nilijua, lakini nilikuwa nimeshughulika mno kupendezwa na kazi yangu.

Lingekuwa neno moja tu. Sikulisema. Na nawaambia ukweli, vijana, sikuogopa kufukuzwa. Mafundi wa sakafu tulikuwa wachache. Niliogopa kile kicheko. Niliogopa waniite fundi wa mizinga mpaka nazeeka.

Bwana Upesi akamwambia Mzee Kapela kwamba amesimamishwa kazi, asubiri uamuzi karakanani. Mimi nikaambiwa nirekebishe upesi.

Siku tatu Mzee Kapela alikaa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya karakana, kofia magotini. Siku tatu nilipita mbele yake na sanduku langu la vifaa. Kila asubuhi nilisema, "Shikamoo, Mzee," na kila asubuhi aliitikia, "Marahaba, fundi." Sauti yake haikubadilika. Nilikuwa napita haraka kidogo.

Magunia yalikuwa yamepatikana, basi nilikuwa naweka magunia. Siku ya tatu, nikiwa chini ya nyumba, Mama Raheli aliinama akachungulia, mtoto bado kifuani. Alitaka kujua saa ngapi nitamaliza. Mwanga wa kandili ulikuwa unapiga kwenye boriti, mahali chini ya jiko, na pale palikuwa na matone meusi yaliyoganda. Akanyoosha mkono, akalibandua moja kwa ukucha, akalinusa.

"Hii ni nta," alisema.

Niligeukia boriti, nikapapasa kutafuta msumari.

"Yohana. Nta imefikaje kwenye sakafu yangu?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimelala chali, papi moja juu ya kifua, nikamweleza yote, shemeji, mizinga, jinsi nilivyougeuza ule upande usionekane. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliniangalia bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Baba wa watu ameshinda siku tatu juani kwa ajili ya kichwa chako," alisema. "Mimi siwezi kukusemea, nina mtoto wa kupasha moto. Amka uende."

Nilikwenda vile vile, sufi kichwani. Benchi lilikuwa tupu. Karani aliniambia kwamba mzee amefukuzwa asubuhi ile, amechukua kisanduku chake na blanketi, ameshika njia ya Sikonge kwa miguu. Na goti lile.

Niliingia kwa Bwana Upesi bila kubisha hodi. Nilimwambia. Alikunja uso kwanza, hakuelewa mzinga una uhusiano gani na sakafu, ikabidi nirudie, na niliporudia akaelewa. Akacheka. Alicheka akishika meza, karani akaja kuona kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Kicheko kile nilichokuwa nakiogopa siku tatu, kilikwisha kabla sijamaliza kujipangusa sufi masikioni. Kisha Bwana Upesi akatazama dirishani, pale benchi lilipokuwa linaonekana. Akavuta karatasi akaandika barua ya kumrudisha mzee kazini, na chini yake akaongeza kwa mkono wake neno la kuomba radhi. Akanipa mimi niipeleke. Hakusema upesi.

Niliondoka na baiskeli alfajiri iliyofuata. Njia ya Sikonge wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na sehemu nyingi nilisukuma. Niliuliza kwenye kila kijiji. Waliniambia amepita, mrefu, anachechemea, alipewa maji. Mahali pamoja waliniambia alilala pale na alikuwa na homa kidogo. Mahali pengine alipata lori la magogo. Nilifika kwake mchana wa siku ya pili. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anabangua karanga na mkewe, goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

Hakuitikia. Aliendelea kubangua karanga. Mkewe alinitazama mimi, akamtazama yeye, akainuka kwenda kuniletea maji. Mnajua kwetu jambo hilo lina uzito gani. Mtu anaweza kukukatalia mkopo, akakukatalia binti yake, lakini shikamoo ataitikia. Nilisimama nimeshika baiskeli, nikasema yote tena, mara ya tatu kwa siku tatu. Nikamsomea barua, pamoja na lile neno la Bwana Upesi. Nikamwomba msamaha.

"Nilinusa siku ile ile uliyoyapigilia," alisema hatimaye. "Nimerina asali miaka mingi kuliko umri wako."

"Kwa nini hukuwaambia, Mzee?"

"Wangesema mlinzi anamsingizia fundi. Nikasema moyoni, fundi yupo, anasikia, atasema mwenyewe." Alitupa maganda chini. "Yule mtoto, mzima?"

"Mzima. Juzi ameanza kunyonya mwenyewe."

Alifunga macho kidogo. "Haya. Nilikuwa naye mlangoni."

Barua aliikunja akampa mkewe aiweke ndani, lakini kazini hakurudi. Alisema goti limekataa. Nilipoinuka kuondoka, alinyoosha mkono akagusa usukani wa baiskeli, nikasimama.

"Kazi nimekusamehe," alisema. "Kazi ni kazi. Lakini asubuhi tatu ulinipa shikamoo huku unajua, na mimi nikakuitikia kwa moyo mweupe. Hizo ndizo zinaniuma. Nenda salama, Yohana."

Nilirudi Tabora. Nyumba zile nne nilizifanya kwa magunia. Nilichekwa, ndiyo, karakana nzima waliniita Fundi Nyegere kwa mwaka mmoja, kisha wakasahau, isipokuwa karani, ambaye hakuwa na mambo mengine. Nilipewa likizo nikaenda Sikonge. Nikamwamkia, akanyamaza. Nilimtengenezea mlango wake uliokuwa unaburuza chini, nikarudi. Nilikwenda tena wakati wa kulima, nikawapelekea sukari na habari kwamba yule mtoto ameanza kukaa. Nilimwamkia, akanyamaza, lakini aliniuliza mtoto amepewa jina gani. Nikamwambia.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya mavuno. Nilimkuta yuko peke yake, mkewe amekwenda kanisani. Alikuwa amekonda sana. Macho yake hayakuwa yanaona vizuri tena, na nilipokaribia aliinua kichwa akisikiliza miguu yangu kwenye majani makavu. Nilikuwa nimeshazoea kutojibiwa. Nilisema kwa sababu ndivyo inavyopasa kusema.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Yohana," akasema.

Nilijibana nisilie nikashindwa. Alinisogezea kigoda, nikakaa.